Nenda Unililie

Watu wa mtaa wanasema jirani yangu Albertine ana moyo mkavu, kwa sababu mfiwa hamwambii "lia" wala "nyamaza". Anauliza tu, "Kwenu munafanya je?" kisha anakaa naye chini. Waache waseme, watachoka!

Zamani za Wabelgiji, hapa Élisabethville, alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto. Masista walimlea misheni kule Sakania tangu akiwa mchanga, basi sala alizijua zote, ila mila hakufundishwa na mtu.

Mwaka ule wa surua, mama mmoja, Kapya, alileta mapasa wake, pacha Kyungu na Kabange, wote wawili wanawaka homa. Kyungu akafa asubuhi. Kapya hakulia. Alimpakata Kabange, macho yake ukutani. Wanawake wengine wodini nao kimya, kila mmoja na mtoto wake.

Albertine akakasirika. "Mama, mutoto wako amekufa! Lia basi, utapata nafuu."

Kapya akamziba Kabange masikio. "Nyamaza, dada! Hawa ni mapasa. Hatusemi amekufa, tunasema amerudi. Huyu akisikia ninalia, atamufuata mwenzake. Unataka nikose wote wawili?"

Wabebaji walipofika na machela, nyuma yao alikuja Sista na rozari yake, tayari kuanzisha wimbo wa wafu. Albertine akamzuia mlangoni. "Sista, hapa hapana. Tuimbe makaburini." Sista akamkodolea macho, lakini akafunga kitabu. Kyungu akapitishwa bila sauti yoyote. Kapya hakugeuza shingo.

Baadaye akamwita Albertine, polepole, utadhani anaomba maji ya kunywa. "Dada, weye haiko muntu wa nyumba yetu. Nenda mbali, Kabange asisikie. Unililie."

Albertine akaenda nyuma ya chumba cha kufulia, akasimama kati ya mashuka yaliyoanikwa. Akamtaja Kyungu. Akamtaja na mama yake mwenyewe, ambaye hakumjua. Wapi! Hata tone. Kifua kilikuwa kimekufa ganzi. Alijua anapaswa kuona uchungu, tena kuona haya, lakini vyote viwili vilikuwa kama vya mtu mwingine. Akasimama pale hadi miguu ikachoka.

Akarudi. Kabange alikuwa bado anahema kwa shida.

"Umelia?" Kapya akauliza.

"Nimelia, mama. Nimelia sana."

"Asante, dada." Kapya akamhamishia Kabange ziwa la pili, naye akanyonya.