Fyuzi Niliyoing'oa

Gari langu lina usukani upande wa kulia, na sisi Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo kila nikitaka kulipita lori ni lazima nimwulize aliyeketi kushoto kwangu kama njia ni nyeupe. Liliundwa Japani, likachoka huko, kisha likapitia Uganda kuja kuchoka upya kwetu Butembo. Nililinunua nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikang'oa viti vya nyuma, na tangu hapo napakia viazi na maharagwe yanayotoka Lubero, nayateremsha Beni, narudi na mchele. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nimeifanya mpaka mgongo umeshika umbo la kiti.

Kisanduku cha fyuzi kiko chini ya usukani, karibu na goti. Kifuniko chake kina mchoro wa vijisanduku vidogo, na pembeni ya kila kimoja maandishi ya Kijapani ambayo kwangu ni nyayo za kuku tu. Siku ya kwanza fundi mmoja wa Butembo aliponikuta nimeyakazia macho alicheka mpaka akashika mlango.

"Muzee, hiyo hapana ya kusoma. Unatosha moja moja, unaitoa inje, unaangalia nini imekufa."

Basi Jumapili moja baada ya misa nilimketisha mke wangu garini, bado amevaa kitenge chake cha kanisani. Mimi nilipiga magoti nje na kibano chake cha nyusi, nikawa nazichomoa fyuzi moja moja huku yeye akijaribu vitu na kupiga kelele: "Iko inawaka! Bado iko inawaka! Sasa imezimika!" Kila kilichozimika alikiandika kwenye karatasi ya daftari. Klaksoni, ya tatu kutoka juu. Taa za breki, ya saba. Tulimaliza saa mbili baadaye, maharagwe yameungua jikoni, na kwa siku nzima hakusema nami zaidi ya lazima. Karatasi ile niliibandika ndani ya kifuniko, na nakiri kwamba niliionea fahari kuliko cheti changu cha shule.

Maana madereva wenzangu wengi hawajui fyuzi ni nini. Ikikatika wanaweka uzi wa shaba, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na gari linaendelea mpaka siku waya unapoanza kutoa moshi miguuni mwao. Mimi nilikuwa naweka fyuzi ya kipimo chake, nyekundu mahali pa nyekundu, ya bluu mahali pa bluu. Na mafuta vilevile. Mafuta ya injini nilijua uzito wake, ya usukani nilijua rangi yake, na ya breki nilinunua chupa iliyofungwa tu, ya aina ile ile iliyochorwa kwenye mfuniko wa kikopo chake. Yale yanayomiminwa kando ya njia kutoka kwenye chupa ya maji sikuyataka hata bure. Kila asubuhi, kabla baridi ya Butembo haijaondoka, nilifungua boneti na kuangalia kimoja baada ya kingine, kikopo cha breki kwa nje tu, kama mafuta yamefika kwenye alama. Mama yangu, ambaye anaishi nasi tangu baba afariki, alizoea kutoka na kikombe chake cha chai kusimama kando yangu. Aliuliza maswali, nami nilimjibu nusu nusu, kwa sababu asubuhi mimi si mtu wa maneno mengi.

Mwaka ule uchovu ulikuwa umenizidi. Barabara ilikuwa inafungwa na kufunguliwa, leo kuna usalama, kesho hakuna, na bei za Beni zilikuwa zinabadilika kabla sijafika. Nilikuwa nalala kama gunia na kuamka kama gunia. Mtu aliyechoka hivyo hataki kujua sababu ya kitu, anataka kitu kiache kumsumbua.

Jioni moja, bado kuna mwanga, jirani aliniita kutoka ng'ambo ya ua.

"Papa, gari yako iko nalala na macho wazi! Taa za nyuma ziko nawaka tangu saa umeingia."

Nikaenda kutazama. Kweli, taa za breki zilikuwa zinawaka, nyekundu, na hakuna mguu kwenye pedali. Niligusa pedali kwa mkono, nikaona imekaa chini kidogo kuliko kawaida yake. Niliivuta juu, taa zikazimika. Nilipoiachia ikashuka tena polepole na taa zikawaka.

Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza kwa nini pedali hairudi. Mtoto angejiuliza. Lakini mimi nilikuwa mtu wa fyuzi, mwenye karatasi yangu, na nilichoona mbele yangu ni betri itakayokufa kabla ya asubuhi. Nikachukua kibano, nikahesabu mpaka ya saba, nikaing'oa, nikaitia mfukoni. Taa zikazimika. Nikaingia ndani kula, nimeridhika na nafsi yangu.

Kesho yake niliteremka Beni na magunia kumi na mawili, na mke wangu kando, kwa sababu alikuwa na dada yake mgonjwa wa kumtazama kule. Baada ya nusu saa gari likaanza kuwa zito. Nilidhani ni mzigo. Kisha harufu ikaja, ya kitu kinachoungua taratibu.

"Unasikia?" mke wangu akauliza.

"Ni lori ya mbele," nikamwambia.

Mbele yetu hakukuwa na lori lolote.

Tulipoanza kuushuka mteremko wa Kabasha nilikanyaga breki, ikashika. Kona iliyofuata ikashika nusu. Kona ya tatu mguu wangu ulikwenda mpaka chini, kama nimekanyaga sifongo, na gari halikujua kwamba nimekanyaga chochote. Mke wangu hakulia. Alishika ubao wa mbele kwa mikono miwili akaanza Salamu Maria kwa Kinande, haraka haraka, bila kupumua. Nilishusha gia mpaka injini ikalia kama ng'ombe, nikavuta breki ya mkono, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, yaani upande wake yeye, kwa sababu upande wangu kulikuwa na bonde. Tulikwangua ukingo kwa urefu wa nyumba mbili. Kisha tukasimama. Viazi vilikuwa vinabiringika barabarani mbele yetu, na wanawake waliokuwa wanapanda na mizigo ya kuni walitua mizigo yao wakaanza kutuokotea.

Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu wanaume wa kazi yetu wakisimulia mambo haya hujifanya waliona mchezo. Niliketi pale na breki ya mkono bado nimeivuta kwa nguvu zote, ingawa gari lilikuwa limekwisha simama.

Fundi mwingine alikuja kutoka Beni kwa pikipiki, mtu mzima, mpole, suruali imeganda kwa grisi. Aligusa rimu akaondoa mkono haraka. Alifungua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Kisha akaniita.

"Muzee, kuya uone."

Ndani ya kikopo mlikuwa na mafuta ya aina mbili, moja juu ya nyingine, yasiyochanganyika. Chini yalikuwa yale yangu, yaliyoanza kuwa meusi. Juu yalielea mengine, ya manjano, mazito. Mpira wa mfuniko ulikuwa umevimba kama andazi.

"Hii ni mafuta ya kupika," akasema. "Inavimbisha mipira yote. Piston inakwama, frein, ni kusema breki, inashikaka yenyewe, magurudumu yanapata moto, mafuta inachemka, donc basi unakanyaga hapana kitu. Pedali haikukuonyesha? Taa ya nyuma haikubakia inawaka?"

Nilishika fyuzi mfukoni. "Hapana," nikamwambia. Nilimdanganya fundi huyo, na bado naona haya.

"Ni nani aliweka?"

Nilitaka kusema maadui. Kwetu mtu mwenye gari hakosi watu wa kuwafikiria, na nilikuwa tayari nimeanza kuhesabu majina kichwani. Lakini nilichovya kidole kwenye yale mafuta ya juu nikayanusa. Yalikuwa na marashi, ya waridi, matamu kupita kiasi. Harufu ile naijua. Kila Alhamisi inaingia nyumbani kwetu na mtandio wa mama yangu anapotoka kwenye kikundi cha maombi, na kichupa chake cha mafuta yaliyobarikiwa.

Fundi alibadilisha mipira, akasafisha mabomba, akajaza mafuta mapya. Ilichukua siku mbili. Siku mbili hizo kwa shemeji yangu Beni sikula vizuri, nilikuwa natunga maneno nitakayomwambia mama. Yalikuwa maneno makali. Barabarani kurudi niliyarudia kwa sauti mpaka mke wangu akasema, "Ni mama yako, hapana mwizi."

Tulimkuta ameketi kizingitini anachambua maharagwe. Niliketi kwenye kigoda mbele yake, na makali yote nikaona yameniishia njiani.

"Mama, ni weye ulitia mafuta ya baraka kwa gari?"

Hakukana. "Ni miye."

"Juu ya nini, sababu gani mule? Kale kakopo?"

"Nilikuulizaka asubui moja, kale kadogo ni ka nini. Ukasema kale njo kenyewe kanakusimamisha, kale kakikosa, unakufa. Donc nikatia mule. Kila asubui kidogo kidogo, ukishaingia kunywa chai, boneti bado wazi."

Nilimweleza kila kitu: mipira, mteremko, magunia, mkwe wake aliyekuwa anasali. Nilimweleza kwamba kila chombo kina mafuta yake, na mafuta mema mahali pasipo pake yanaua. Alisikiliza mikono ikiwa imesimama juu ya ungo. Nikajuta kwamba nimemwambia habari ya mteremko.

"Yaya yako," akasema mwishowe, "alikuwa anapima mafuta kila asubui sawa weye. Gari yake ilikuwa muzuri. Frein ilikuwa muzuri."

Yaya ni kaka yangu mkubwa. Alifanya kazi hii kabla yangu, kwenye barabara hii hii. Watu wenye silaha walitoka kichakani wakamwua pamoja na abiria wake, na gari lililetwa nyumbani zima, likiwaka kwa kugeuza ufunguo mara moja, halina hata taa iliyovunjika. Kwa jambo lile hakuna fyuzi.

"Mama, sasa kama unaogopa, ungenipaka miye. Gari ungeacha."

Alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi.

"Nilikuombaka. Kila asubui nilikuwa nakuya na kachupa. Inama nikupake. Unasema, kesho mama, nimechelewa. Kesho mama. Mwaka muzima." Akaokota jiwe dogo kwenye maharagwe akalitupa. "Gari njo yenyewe ilikubali."

Nilikuwa nimeona kikombe cha chai. Kichupa katika mkono wa pili sikumbuki kukiona hata mara moja.

Nikashuka kwenye kigoda, nikapiga magoti pale penye maganda ya maharagwe, nikainamisha kichwa. "Basi nipake leo."

"Imeisha," akasema. "Yote nilitia mule."

Sikuinuka. Nilisikia ungo unawekwa chini. Kidole gumba chake, kikavu, chenye vumbi la maharagwe, kikapita kwenye paji la uso wangu, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na kikabaki pale.