Karoti za Bondeni

Nilipoajiriwa katika mradi wa utafiti wa chakula hapa Kigali, kilimo hai kilikuwa kimekuwa kama dini mpya mjini. Kazi yangu ilikuwa maabara: kupima ubora na usalama wa mboga zinazolimwa bila dawa za viwandani. Mkuu wa mradi, mwenye shahada ya uzamivu, alikulia Tanzania kama mimi. Kwa hiyo na wenzetu tulisema Kinyarwanda, na wafadhili tulisema Kiingereza, na tulipotaka kugombana tulihamia Kiswahili.

Alihubiri mboga asubuhi hadi jioni. Mchana alikula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na kachumbari akaisogeza ukingoni mwa sahani.

Karoti tulizozipima zilitoka kwa ushirika wa wakulima kwenye bonde moja upande wa Kabuga. Zilikuwa nzuri kweli. Hazikuwa na dawa yoyote, na mkuu alifurahi kana kwamba amezizaa yeye. Siku moja nikashuka bondeni mwenyewe, nikakuta wanaziosha. Vijana walizitia kwenye magunia, wakazikanyagakanyaga ndani ya mfereji mpaka zikang'aa. Juu ya mfereji palikuwa na mahali pa kuoshea magari, na juu zaidi nyumba zimebanana mlima mzima.

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa mama aliyekulia Bujumbura. Nikamuuliza, "Mama, maji haya yanatoka wapi?"

"Inatoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu, kwa watu."

Nilichukua karoti zilizokwisha kuoshwa, pamoja na maji ya mfereji, nikapima. Majibu yalipotoka nikaenda ofisini kwa mkuu, nikafunga mlango.

"Kuna dawa?" akauliza.

"Hakuna hata chembe."

"Basi ni salama."

"Daktari, kuna vijidudu vya kinyesi. Vingi."

"Lakini hicho nacho si kitu cha asili?"

Nilidhani anatania, nikamtazama usoni. Hakuwa anatania. "Dada," akasema kwa upole wa kuumiza, "mradi wetu unahusu dawa za viwandani. Maji ni mradi mwingine."

Mama wa ushirika alinisikiliza vizuri zaidi. Akaniambia wanunuzi wa mjini wanakataa karoti yenye udongo, na bomba walishaliomba. "Tuliomba bomba, wakatuletea bango," akasema. Bango lenyewe lilisimama nyuma yake, limeandikwa kwamba hapa panalimwa chakula salama.

Ikafika siku ya kutangaza matokeo, katika ukumbi wa hoteli. Mkuu aliagiza karoti za bondeni zikwanguliwe, ziliwe mbichi, ili wageni waonje utafiti kwa ulimi wao. Niliingia jikoni nikamwomba mpishi azichemshe. Akasema agizo ni mbichi. Nikamsihi basi azimenye na kuziosha tena kwa maji safi.

"Zimekuja zimeshaoshwa," akajibu, na kweli zilikuwa zinang'aa kuliko sahani zake.

Pale mbele mkuu alijipakulia kilima cha karoti huku kamera zikimwelekea. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akila mboga. Mfadhili, mzungu mrefu mwenye tabasamu la kanisani, alimfuata kwa kilima cha pili. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya wali na maharagwe, lakini mzee mmoja wa serikalini aliyekaa kando yangu, mtu wa adabu nyingi, akanipakulia kwa mkono wake.

"Kula, dada. Hii ndiyo kazi yako."

Meza nzima ikageuka kunitazama. Nilijua kwa jina la Kilatini kila kilichokuwa kwenye uma wangu. Huyu mzee sikuwa na namna ya kumkatalia. Nikala. Zilikuwa tamu, siwezi kuzisingizia.

Kesho yake ofisi ilikuwa tupu, na mimi sikuwemo. Nililala kwangu, mtaa wa Batsinda, safari zote chooni. Mkuu akanipigia, sauti yake ikirudi rudi kama ya mtu aliye kwenye chumba kidogo chenye vigae.

"Dada, jana tulikula nini?"

"Tulikula matokeo, Daktari."

Alikata simu. Baadaye akawaandikia wageni kwamba lawama ni za samaki wa hoteli. Huenda yangeishia hapo, ila mfadhili alilazwa, na hospitali ikampima, ikakuta vijidudu vile vile. Aliporudi kazini alipita ofisi ya mkuu bila kugonga, akaja moja kwa moja maabara. Nikamwonyesha majibu yangu. Alisoma amesimama, nadhani kukaa kulikuwa bado ni tabu.

Ndivyo maji yalivyopata mradi wake. Bomba lilifika bondeni, na karoti nilizopima baadaye zilikuwa safi. Mama wa ushirika alinipigia kunishukuru, nikaona haya, kwa sababu lililoleta bomba ni tumbo la mzungu.

Mradi huo mpya aliupata mkuu yule yule. Hivi karibuni nilimsikia akiwahutubia wanafunzi juu ya usalama wa maji. Aliwaambia kwamba mtafiti wa kweli haogopi kujifanyia jaribio mwilini mwake, na yeye alifanya hivyo mbele ya kamera. Wanafunzi walisimama kumpigia makofi. Mimi nilipiga nimekaa.