Jina Tupu la Dokubo

Ebiere, rubani msaidizi, alibanwa kila upande. Wakikaribia Abuja walibadilishiwa njia ya kutua. Redio inamwita, kompyuta inadai namba, na Kapteni Dokubo, mzee aliyemfundisha kurusha ndege, anamhimiza asome orodha ya ukaguzi wa kutua. Ndipo akaona: waliambiwa washuke hadi futi elfu nne, mzee kaweka elfu tatu kwenye mitambo. Mbele kuna vilima, na vumbi limeficha kila kitu.

"Oga," alianza, kwa neno lao la kumwita mkubwa wa kazi, "samahani, kimo..."

"Binti, soma orodha!"

"Oga, nadhani..."

"Nimesema soma!"

Kwao mkubwa haitwi jina tupu, hata nyumba ikiungua.

"Dokubo! Panda!"

Mkono wa mzee ukatii kabla hajakasirika. Walitua salama. Ofisini Ebiere akatazama ratiba ya mwezi mzima, iliyokwisha kupangwa: kila safari, Dokubo na Ebiere.