"Get" Kupitia Ukuta wa Jikoni

Mahindi makavu yakipigwa ndani ya gunia hutoa mlio wa puu, puu, unaolegea kadiri punje zinavyoachana na magunzi, na vumbi lake huwasha pua hadi mtu apige chafya machozi yamtoke. Kila Desemba nyumbani kwetu Matulo tuliamshwa na mlio huo. Lakini Desemba ninayotaka kuisimulia kulikuwa na sauti nyingine juu yake: ya babu yangu, ambaye sisi Wabukusu humwita Kuka, akipaza Kiingereza kuelekea jikoni kama mtu anayeita ng'ombe; na ya mama yangu, ndani ya jiko, akimjibu chini chini bila kujitokeza. Waliopita njiani walisimama kwenye ua wakatukodolea macho. Nilikuwa darasa la sita, na nilijiona mtu mkubwa kweli kweli, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nikikimbia kati ya hao wawili, nimebeba Kiingereza mdomoni.

Baba yetu alifariki tukiwa wadogo. Mama akaenda Kitale kutafuta riziki, akapata kazi ya kufua mashuka katika shule moja ya bweni ya wasichana, na mimi na mdogo wangu Wafula tukabaki Matulo kwa Kuka na bibi yetu, Kukhu. Mama alikuja kila mwisho wa mwezi, akalala, akaondoka. Siku ya kuondoka Wafula alilia hadi akatapika. Mimi nilijitia ugumu, kisha nikaenda kulia nyuma ya choo, na nilimkasirikia mama kana kwamba alikuwa akienda kutembea. Basi Desemba ile akaja na habari. Matroni wa shule yao alikuwa anastaafu, na mwalimu mkuu alimpenda mama kwa uchapakazi wake. Matroni alipewa nyumba ya vyumba viwili ndani ya shule. "Wakinipa hiyo nyumba," mama alimwambia Kukhu huku akiniangalia mimi, "nawachukua watoto wangu wote wawili." Lakini lazima kwanza ahojiwe na bodi, na ahojiwe kwa Kiingereza, kwa sababu wasichana wa shule hiyo hawakuruhusiwa kuzungumza lugha nyingine. Shule zingefunguliwa Januari. Ninakumbuka nilivyoshika mkono wa Wafula nikaufinya mpaka akalia.

Mama aliacha shule kabla ya kumaliza msingi. Kiingereza alikisikia vizuri tu, ila kikifika kwenye ulimi kilikwama. Na mtu pekee aliyekijua pale nyumbani alikuwa Kuka, na Kuka alikuwa mkwe wake. Kwetu mke wa mwana hakai karibu na baba mkwe, hamtazami usoni, hapazi sauti mbele yake, na yeye mkwe vilevile hujitenga. Hiyo ndiyo heshima, na mama aliishika kuliko wanawake wote niliowajua. Kuka akikohoa kwenye njia ya kisimani, mama aliingia ndani ya migomba na mtungi wake, akasubiri apite. Sasa mtu wa namna hiyo atafundishwaje? Kukhu ndiye aliyetoa shauri: mzee akae nje karibu na ghala, mama akae ndani ya jiko apike, na mimi nisimame mlangoni nichukue maneno ya mama yasiyosikika niyafikishe.

Kuka alishikilia kwamba Kiingereza kizima kimeegemea neno moja, "get". Ujana wake aliutumia kwenye shamba la mzungu upande wa Kitale, na mzungu huyo, kwa maelezo yake, alikuwa mvivu wa maneno. Alfajiri ilikuwa "get up", amkeni. Maksai wakihitajika, "get the oxen", waleteni. Jua likizama, "it is getting dark", giza linaingia. Mtu akifika kwake, "he got home", akiugua, "he got sick", akipona, "he got well", akioa, "he got married", akielewa mzaha baada ya wenzake wote kucheka, "he got it." Wafula akauliza je, mzungu akikasirika? "Get out," Kuka akasema. "Si hiyo ndiyo niliyoijua kwanza, bana!" Akacheka hadi kofia ikamwanguka, na ndani ya jiko nikamsikia mama naye akicheka ndani ya kanga yake.

Mimi sikupendezwa. Shuleni mwalimu wetu alilipiga neno hilo mstari mwekundu kila alipolikuta kwenye insha. Alitaka tuandike "obtain", tuandike "receive", tuandike "become", na mimi nilikuwa mtoto wa kumwamini mwalimu. Nikamwambia Kuka, ati anamfundisha mama Kiingereza cha maksai. Ala! Mtoto mwingine angechapwa. Kuka alinitazama tu, akaniuliza, "Msichana wa watu akiamka usiku tumbo linamkata, mama yako atasimama pale aseme 'obtain'?" Na kweli, nilipoanza kusikiliza, niligundua kwamba Kiswahili kimeligawia kila jambo neno lake, kupata, kuleta, kufika, kuingia, kuwa, kuelewa, na Mwingereza ameyatia yote kwenye kikapu kimoja, akalibadilisha tu neno la kufuatia. Mama alipolijua hilo, ulimi ukafunguka. Akawa anasonga ugali huku akisema anachofanya: I get flour, I get water, it is getting hard, Nekesa, get the plates. Nikaleta sahani bila kujua kwamba nimetii Kiingereza cha mama yangu kwa mara ya kwanza. Nilifurahi kiasi kwamba nilitaka kumkumbatia, ila mikono yake ilikuwa na unga.

Tatizo tulilitambua wakati mahindi yalipokuwa karibu kwisha. Nilimtoa mama nje, nikamsimamisha katikati ya ua, nikamwambia nitakuwa bodi. Akaongea vizuri. Kisha Kuka akatokea nyuma ya ghala, na mama, hapo hapo, akainamisha kichwa, sauti ikapotea kabisa. Nikaona mambo yameharibika. Bodi ingekuwa ya wazee, ukuta wa kujifichia usingekuwepo, na mama mbele ya mzee alijua kitu kimoja tu, kutazama miguu yake. Nikaanza kulia waziwazi, bila kwenda nyuma ya choo. Nilisema, "Hatutaenda. Utatuacha hapa tena, mama."

Kuka aliingia nyumbani kwake, akatoka amevaa koti lake la kanisani, katika jua lile la kuchoma. Akaweka kiti katikati ya ua, akaweka kingine kando, akamwita Kukhu aje akalie hicho, awe mwalimu mkuu. Kukhu alikataa. Alisema haijapata kuonekana, majirani watasema nini, mnataka kuleta mkosi kwenye boma hili? Walibishana kwa Kibukusu cha haraka haraka, na mimi nilidhani mambo yameisha. Kisha Kuka akageuka upande wa jiko, ambako mama alikuwa amekwisha kukimbilia, akapaza sauti kwa Kiswahili, ili asikose kusikia mtu yeyote. "Mama Nekesa! Mkwe wako hayuko. Amekwenda sokoni Misikhu, atarudi jioni. Hapa umekuta mwenyekiti wa bodi, na ana haraka."

Kukhu akaguna, akajifunga leso vizuri, akakaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Mama akatoka. Alitembea polepole kama mtu anayepita kwenye tope, akasimama mbele yao. "Look at me," mwenyekiti akasema. Mama akainua uso, akamtazama baba mkwe wake machoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na machozi yakamtiririka huku akijibu swali baada ya swali. Kukhu, asiyejua hata neno moja, aliitikia kwa kichwa kila jibu na kusema, "Yes. Yes. Hata hiyo, yes." Tukacheka, tukalia, sijui tulikuwa tukifanya lipi. Jioni Kuka akavua koti, akapitia nyuma ya ghala, akakohoa njiani, na mama akaingia kwenye migomba kama kawaida.

Januari mama alirudi kutoka kwenye mahojiano na mkate mkononi, akatusimulia akiwa bado amesimama. Mwenyekiti wa kweli alikuwa mzee wa nyusi nyeupe, na macho ya mama yakaanza kushuka yenyewe. Akajiambia moyoni, mkwe wangu yuko Misikhu. Akayainua. Mzee akamuuliza, msichana akiugua usiku utafanya nini? Mama akajibu bila kupumua: I get up, I get my lamp, I get to her bed, I get her to hospital, she gets well, I get her back to class. Mzee akauliza, na wewe usingizi utaupata lini? "When they get sleep, sir, I get sleep." Wakacheka naye, wakampa nyumba. Wiki hiyo tulipanda pikapu na godoro letu, na Wafula hakutapika.

Leo ninafanya kazi Bungoma mjini, na binti yangu hukasirika kwa Kiingereza na hubembelezwa kwa Kiingereza. Hakuna aliyembebea neno kutoka mlangoni. Wakaza wana wa siku hizi hukaa na baba wakwe wao wakichekea simu moja. Sitasema zamani ilikuwa bora. Zamani hiyo ilinitenga na mama yangu, sina hamu nayo. Ila sikuelewa thamani ya ile siku mpaka Kukhu alipofariki na Kuka akadhoofika, na ndugu wa baba wakakaa kikao kuulizana nani atamtunza. Kila mmoja alikuwa na udhuru. Mama, ambaye amestaafu na kujenga Kitale, alisema aletwe kwake. Watu walinong'ona: mkaza mwana, amwoshe mkwe? Mama akawaambia walete nguo zake tu.

Wiki iliyopita niliwatembelea. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda mbele ya Kuka, mguu mmoja wa mzee umo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, akimkata kucha. Kuka akashusha pumzi akasema, kwa kile Kiingereza chake, "I am getting old."

"You got old long ago, Baba," mama akamjibu kwa sauti, akimtazama usoni. "Lete huo mguu mwingine."

Akaleta.