Kondoo wa Baba na Chenga za Dagaa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku ya akika ya kifungua mimba wangu hapa Wawi kisiwani, nilivyosimama baina ya masufuria mawili nikawa sijui nishike lipi. Mtoto wa kiume huchinjiwa kondoo wawili. Mmoja alikuwa wa mama mkwe, Bi Asha: kondoo mdogo wa hapahapa, aliyekula majani maisha yake yote. Wa pili kaletwa na baba yangu kutoka Handeni, bara, akavushwa kwa meli. Kichwa cheusi, kitako kimejaa mafuta, jibaba! Mimi ni mke wa kuja, nilitaka watu waone kwetu kuna kitu. Basi miezi miwili nikamshindilia chenga za dagaa nilizozoa walikoanika wavuvi. Na kunenepa alinenepa, wallahi.

Lilipofunuliwa sufuria lake, shombo! Wanawake wakatazamana.

"Kondoo huyu kachinjwa au kavuliwa?" mmoja akauliza.

Mwengine akadakia, "Wa bara hao, ndiyo asili yao."

Anasemwa kondoo au nasemwa mimi? Mpaka leo sijui. Nilichanganyikiwa hata nikaanza kumlaumu baba kimoyomoyo, kwa nini kaniletea mnyama wa mbegu mbaya.

Bi Asha akaniita uani. "Kala nini huyu?"

Nikamwambia. Akashika kiuno.

"Hee! Mbegu humpa mwili tu, ladha huipata kwa anachokula. Babaako kakuletea mnyama mzima, wewe umemgeuza papa. Nenda kawaambie."

"Niwaambie, mama?"

"Kabla hawajamaliza kumtukana babaako."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikaenda, nikasema kosa ni langu, nimemlisha dagaa. Wakacheka mpaka machozi, kisha yule wa "asili" akanisogezea kigoda nikae naye.

Usidhani nimeyaelewa yote. Mbona kondoo wadogo wa jirani hudokoa dagaa wala hawanuki? Labda hula kidogo, labda ni mbegu yao. Nimefuga miaka yote hii na bado najiuliza.

Lakini hili nalijua. Ukitaka nyama nyingi, tafuta mbegu kubwa. Ukiitaka tamu, mpe majani, na dagaa mwachishe mapema kabla ya kisu. Na jambo likikuharibikia, tazama kwanza ulilisha nini kwa mkono wako, ndipo utaje asili ya mtu. Mungu akujaalie mifugo yenye afya, mwanangu, na siku utakapokosea akupe ulimi wa kusema, "Ni mimi."