Boti ya Chuma Iliyotunyeshea Ndani

Mwenye nyumba tuliyopanga alipotutoa, tulihamia kwenye boti. Cheka tu, majirani walikutangulia. Mume wangu alikuwa akiichomelesha boti hiyo ya chuma kiwanjani kwetu, hapa Lubumbashi, mbali kabisa na maji. Ilikuwa na chumba cha kulala na mlango wake. Tungekaa humo mpaka baridi iishe, kisha lori liipeleke Kasenga, mtoni.

Baridi ya mwezi wa saba huku haina utani, na mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonya. Mume wangu akapiga ukuta wa chuma kwa ngumi, akasema, "Hii tole iko nguvu, mama. Baridi itapitia wapi?" Nikamwamini. Tulipooana tuliishi kwenye mto Luapula katika boti ya mbao ya baba mkwe, chumba chake kina nyufa za kupitisha kidole, na bado blanketi moja lilitutosha. Kama mbao mbovu zilitutunza hivyo, chuma kipya kingeshindwaje?

Jamani! Siku za mwanzo tu niliamka nimedondokewa na tone usoni. Godoro limeloa, ukuta unatiririka, shuka ya mtoto unaweza kuikamua. Nje kukavu, vumbi tupu. Mvua ya Katanga inajua miezi yake, na huu haukuwa mwezi wake. Sasa maji haya yametoka wapi?

"Inavuja," mume wangu akasema. Akamwita fundi, akachomelea paa upya. Tukamwaga ndoo za maji juu, mimi nimesimama ndani na tochi. Halikupita tone. Kesho yake asubuhi, tukalowa tena. Jirani mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni kazi ya mtu, nitafute watu wa kuniombea. Nilikasirika, halafu nikaomba.

Mtoto akaanza kukohoa. Basi nikafanya kila nilichofundishwa na mama. Nilikoleza makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa, nje mpaka moshi ukaisha, ndipo nikaiingiza ndani. Nikaziba kila tundu kwa vitambaa, hata la kitasa. Nepi zake nikazianika humo humo zipate joto. Jioni nikabandika sufuria ya majani ya mikaliptusi, nikamfukiza chini ya kitenge, mvuke umejaa hatuonani. Alipozidi kukohoa, nikazidisha majani. Nilivyozidi kumfukiza, ndivyo boti ilivyozidi kunyesha. Nilihisi naelekea kuchanganyikiwa, nakwambia kweli.

Asubuhi moja mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tulikimbia hospitali. Muuguzi akagusa nguo zake, akaniangalia. "Mama, huyu mutoto analala wapi? Mu maji?" Nilitaka kumjibu vibaya. Nikalia.

Tulilazwa mimi na mtoto. Mume wangu alilala kwenye kiti nje ya wodi, akakataa kurudi nyumbani. Mtoto alipoanza kunyonya vizuri, nikaenda peke yangu kuchukua nguo. Nikafungua mlango wa boti nikijua nitakuta bwawa. Ndani kulikuwa kukavu kabisa. Nikapapasa ukuta, godoro, pembe zote. Hakuna aliyeanika kitu wala kufungua dirisha. Nikasogea karibu na chuma nione vizuri, na pale nilipohema pakaingia ukungu, ukungu ukawa matone, tone likashuka. Nikahema tena pengine, vilevile. Nikakaa chini.

Siku ya kuruhusiwa, mume wangu alitangulia nyumbani, akatupokea getini anacheka. "Ingia uone! Iko kavu. Fundi alifanya kazi yake."

"Iko kavu sababu hatukuwa ndani, papa. Yale maji ni pumzi yetu."

"Weye! Na kule ku mbao hatukukuwa tunapumua?"

Hata leo swali hilo linanisumbua.

"Basi tufanye nini," akasema, "tuache kupumua?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ameshika kitasa, amechoka, macho mekundu. Nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda kwa dada yangu, mtaa wa pili, kwenye nyumba yake ya matofali. Mume wangu akasema yeye hakimbii mali yake. Akalala botini, amefunga mlango, mbabula ndani, chai inachemka.

Alfajiri alibisha kwa dada yangu. Nywele zake zilikuwa zimeloa na blanketi begani lilikuwa linadondoka maji. Hakunisalimu. Akapiga magoti kando ya mkeka aliolala mtoto, akaweka sikio kwenye kifua chake, akasikiliza. Alikaa hivyo mpaka dada yangu akamaliza kufagia uwanja. Kisha akaniuliza kama pale mkekani kuna nafasi yake.