Mkono wa Merle Stanko Uliorudi Mtupu

Merle Stanko aliliona pigo lile. Alikuwa hatua tatu kutoka mahali mwanangu alipopigwa, jua likiwa nyuma yake, wala hapakuwa na mtu aliyemziba. Mkono wake ulikwenda kiunoni, kwenye kitambaa cha njano ambacho mwamuzi hukirusha chini pakitendeka kosa. Vidole vilikigusa. Kisha mkono ukarudi mtupu. Baadaye akaandika, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba hakuona kosa lolote. Huo ndio ubaya alionitendea, na nautaja kwanza ili mtu asije akasema nimeufunika kwa maneno mengi.

Sasa niseme Merle ni nani, maana si mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya, hofu yangu ingekuwa ndogo.

Anakaa Tipple Hollow, maili sita kutoka kwetu Marl Creek. Wakati wa baridi huendesha gari la kusukuma theluji barabarani, na miezi mingine huziba mashimo ya barabara zilezile. Mkewe Verna alikufa kwa figo. Tangu hapo Merle hupiga pasi mwenyewe shati lake la uamuzi, lile la mistari myeusi na myeupe, na viatu vyake hung'aa kama vya askari wa gwaride. Amekuwa mwamuzi wa pembeni miaka ishirini na miwili. Mimi nilimjulia kwenye mnyororo.

Katika mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana, kila timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Watu wawili husimama pembeni ya uwanja na fimbo mbili zilizofungwa mnyororo wa yadi kumi, ili isibishaniwe kama zimetimia. Ni kazi ya kujitolea, na hufanywa na wenyeji. Fimbo yangu ilikuwa ya baba. Alipokufa nikapewa mimi, ingawa wapo walionong'ona: mwanamke aliyeishia darasa la tisa, anayefua mashuka kwenye nyumba ya wazee, atajua nini? Nilijua. Niliishika miaka tisa.

Mtu wa mnyororo husimama upande wa benchi la wageni, chini ya amri ya mwamuzi wa pembeni. Na sheria iliyo juu ya zote ni kwamba hana timu. Hashangilii, hazomei, hasemi na mchezaji hata akiwa mtoto wake. Mwanangu Colby alipoanza kuichezea shule, nilimtazama misimu miwili nikiwa nimefunga mdomo kama mtu aliye kanisani.

Merle alitutunza. Mwezi wa Novemba, vidole vikiganda kwenye fimbo, alikuja na chupa ya kahawa ya moto akatugawia, mimi na mzee Ozzie Petrak aliyeshika fimbo ya pili.

"Merle, kahawa hii umeichemsha na soksi?" Ozzie alimwuliza siku moja.

"Mbona unakunywa kikombe cha pili, mzee?"

"Nataka kujua kama ni ya kushoto au ya kulia."

Siku hiyohiyo, tukingoja mchezaji mmoja afungwe bandeji, Merle alitusimulia jambo. Zamani, kabla sijaingia kwenye mnyororo, alirusha kitambaa katika mchezo wa mwisho wa msimu huko Slate Fork. Kijana wa wenyeji alimpiga mwenzake kichwani kwa kofia ngumu. Merle akarusha, kijana akatolewa, wenyeji wakashindwa. Watu walilizingira gari lake wakavunja kioo. Kisha simu ikaanza kulia nyumbani, Verna akiwa kitandani na ugonjwa wake. Kila alipoipokea alisikia sauti ya mwanamume, taratibu kabisa, ikimtajia rangi ya mapazia ya chumba alicholala.

"Hawakuwahi kumpata mtu huyo," Merle alisema. Akafunga chupa yake, tukaendelea na mchezo. Nilimhurumia. Sikujiuliza mtu aliyeumwa na nyoka namna ile atafanya nini siku atakapousikia tena unyasi ukitikisika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mchana, kwa kuwa uwanja wetu hauna taa. Wageni walikuwa Bessemer Run. Walikuwa na beki mmoja, namba hamsini na tatu, shingo hana, na tangu mwanzo alikuwa akiingia kichwa mbele. Ni hatari kwa anayepigwa na kwa anayepiga, na sheria imekataza toka mimi mdogo. Alimfanyia hivyo kijana wetu mmoja, akamfanyia wa pili. Vitambaa vikabaki viunoni.

Majukwaa ng'ambo yakawaka.

"Mwamuzi, miwani umemwazima popo?"

"Mpeni fimbo nyeupe avuke barabara!"

Halafu sauti ya mwanamke, kali, ikapita juu ya zote: "Mnangoja mtoto afe ndipo mpulize?"

Watu walicheka kwa hasira. Mimi sikucheka. Mtoto aliyekuwa akidaka mipira upande wa hamsini na tatu alikuwa wangu.

Nikavunja sheria kwa mara ya kwanza. "Kaka Merle," nilisema chini chini, macho mbele. "Yule hamsini na tatu anaingia kwa kichwa."

Hakugeuka. "Dada Bobbie, wewe shika fimbo."

Mpira uliofuata ulikuja kwa Colby. Aliudaka karibu nasi, mguu mmoja ukatua nje ya mstari, na mguu ukitoka nje jaribio limekwisha, hapigwi mtu tena. Alilijua hilo, maana alishusha mabega. Hamsini na tatu aliinamisha kichwa kama beberu akampiga nacho sikioni. Nafua nguo miaka kumi na minane. Mlio ule ulikuwa kama mlango wa mashine kubwa unapofungwa kwa teke. Benchi la wageni likaruka kwa furaha. Hapo ndipo mkono wa Merle ulipokwenda na kurudi.

Colby aliinuka mwenyewe. Jicho lake moja lilinitazama, la pili lilikuwa na shughuli nyingine. Alitembea akajipanga na wageni. Kijana wao mmoja alimshika mabega akamgeuza. "Kwenu kule, bwana mkubwa," alimwambia, wenzake wakaangua kicheko.

Mwamuzi akiona mchezaji wa namna hiyo hana hiari. Anapaswa kumtoa pale pale.

"Merle, mtoe."

"Ameinuka mwenyewe."

"Amekwenda kujipanga na wageni, Merle!"

"Vijana huchanganya rangi. Shika fimbo, dada. Nakuomba."

Alisema "nakuomba" kama mtu anayezama. Midomo yake ilikuwa imekauka, na macho yake hayakuwa kwa mwanangu. Yalikuwa benchini kwa wageni, kisha majukwaani, kisha kule magari yalikoegeshwa.

Ng'ambo, kocha wetu aliinua vidole viwili. Nilikuwa nimeviona vidole hivyo msimu mzima: mpira ungerudi kwa Colby, upande wetu. Kocha alikuwa mbali, alichoona ni kijana aliyeanguka akainuka. Lakini hamsini na tatu alikuwa karibu. Alimwona Colby akiyumba kama nguo kwenye kamba. Akahama kutoka nafasi yake, akasogea hatua mbili, tatu, mpaka akawa mbele yake. Akauma kinga ya meno.

Nilimtazama Ozzie. Naye alikuwa ameona. Alitikisa kichwa tu, hapana, hapana, sijui kama alikuwa akiniambia mimi nisiende au akimwambia Mungu asiruhusu. Nikaiachia fimbo ya baba, nikakimbia uwanjani.

Nilimkumbatia Colby kiunoni kwa nguvu zangu zote. Filimbi zikalia kila upande. Nilimsikia akipumua ndani ya kofia, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtoto aliyeamshwa: "Mama, basi la shule limeshafika?"

Na hapo, mbele ya miguu yangu, kikaanguka kitambaa cha njano. Cha Merle. Alikitoa kwa haraka, akakirusha mbali na vizuri, kama mtu asiye na shaka. Kosa: mtu wa mnyororo ameingia uwanjani. Adhabu: yadi kumi na tano kwa timu yetu.

Tulishindwa kwa pointi mbili. Majukwaa yaliyokuwa yakimtukana Merle yakapata mtu mwingine wa kumtukana.

"Mtoeni huyo mama!"

"Bobbie Hudak, umetuuza!"

"Rudi ukafue!"

Muuguzi wa timu alimwuliza Colby huu ni mwezi gani, akajibu Machi. Ubongo ulikuwa umetikisika. Apumzike wiki tatu. Mimi nilivuliwa fulana ya mnyororo pale pale. Baadaye ikaja barua kutoka chama cha waamuzi, nikaisoma polepole mara tatu. Ilisema sitakanyaga tena pembeni ya uwanja wowote wa shule. Ndani yake yalikuwemo maneno ya Merle: hakukuwa na kosa kabla ya tukio, na mama aliingia uwanjani bila sababu. Picha za timu hazinisaidii. Kamera yetu iko ng'ambo, na kinachoonekana ni mgongo wa hamsini na tatu basi. Ozzie, nilipomwendea, aliniambia wakati wa pigo alikuwa akitazama chini, akiitoa fimbo isimwangukie mtu, na namwamini.

Colby hakumbuki chochote. Anajua alichoambiwa, na alichoambiwa shuleni ni kwamba aliguswa kidogo, mama yake akapatwa na wazimu. Ametimiza miaka kumi na minane mwezi huu. Sahihi yangu haihitajiki tena ili acheze. Nimekuta maziwa kwenye kabati la sahani. Nimemkuta katikati ya ngazi, mkono ukutani, hajui alikuwa akipanda au akishuka. Niliposema hayo kwa daktari, Colby alicheka. "Mama ndiye anayeumwa," alisema, "mwulize mtu yeyote Marl Creek." Daktari alinitazama kwa upole ule wa kumwonea mtu aibu. Akaandika kwamba anaweza kucheza.

Jumapili iliyopita nilikwenda Tipple Hollow. Merle alikuwa uani akipaka grisi jembe la gari lake la theluji. Aliponiona alisimama, akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Dada Bobbie."

"Uliona au hukuona?"

Alitazama barabarani kwanza, huku na huku. "Niliona."

"Basi njoo umwambie Colby. Mimi haniamini, na anataka kurudi uwanjani."

"Nikisema niliona, wataniuliza kwa nini sikurusha. Na kwa nini niliandika vile."

"Sitaki barua, wala sitaki wanirudishe kwenye mnyororo. Jikoni kwangu, wewe na yeye. Mimi nitatoka nje."

"Vijana husema. Kesho yake shule nzima inajua." Alirudi nyuma hatua moja, mwanamume wa futi sita, grisi mpaka viwikoni. "Naishi peke yangu hapa. Hujui watu wale."

"Nawajua. Ni majirani zangu, walinizomea."

"Walikuzomea tu," alisema.

Nilimwona alivyoogopa, nami nilikuwa naogopa vilevile, na hofu yake ilikuwa imepata mahali pa kujificha: nyuma ya kichwa cha mwanangu. Nilimwambia hivyo. Akalia. Nikamwacha akilia, kwa sababu machozi yake hayakuwa yakienda Marl Creek.

Leo ni Alhamisi. Karatasi ya daktari iko kwenye begi la Colby, imetiwa sahihi, na keshokutwa anarudi uwanjani. Ameshavaa jezi mara mbili mbele ya kioo. Hamsini na tatu hatakuwepo, lakini timu inayokuja ina wa kwake. Kila timu ina wa kwake. Mimi nitakuwa nje ya uzio, barabarani, mahali nilipoambiwa nikae, na nitakachosikia kutoka huko ni kelele.

Walionizomea siwadai. Chama kibaki na barua yake. Ninayemdai ni Merle Stanko, na namdai maneno machache, ayaseme kwa mdomo wake, mbele ya Colby: "Niliona, kijana, na hukuwa mzima." Ana mpaka Jumamosi saa saba mchana, mchezo unapoanza.